Maisha ya John Bardeen na Swichi ya Transista

Malengo. Ukimaliza kusoma sura hii, uweze:

(a) kueleza maisha ya John Bardeen kwa mpangilio wa miaka;
(b) kueleza kwa nini transista ilitafutwa, na kwa nini jaribio la kwanza lilishindwa;
(c) kueleza na kukokotoa jinsi transista inavyowasha na kuzima vifaa kadhaa vinavyotumia chanzo kimoja cha umeme.

1. Utangulizi

John Bardeen alikuwa mwanafizikia na mhandisi wa umeme wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 1991. Hadi leo ndiye mtu pekee aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1956 kwa ugunduzi wa transista, na mara ya pili mwaka 1972 kwa nadharia inayoeleza superkondakta.

Watahiniwa wengi wakiulizwa kazi ya transista huandika kwamba hukuza sauti katika redio. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Transista hufanya kazi mbili kubwa: kukuza mawimbi ya umeme, na kuwasha na kuzima umeme, yaani kuwa swichi. Kazi hii ya pili ndiyo iliyokuwa akilini mwa wakuu wa maabara alikoajiriwa Bardeen. Simu za Marekani ziliunganishwa kwa swichi za chuma zilizochoka na kuharibika, na maabara ilitaka swichi isiyo na sehemu yoyote inayosogea. Sura hii inaeleza jinsi Bardeen alivyosaidia kuipata, na jinsi alivyoanza kwa kuchunguza jaribio la mtu mwingine lililoshindwa.

2. Utoto na elimu

Bardeen alizaliwa tarehe 23 Mei 1908 katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Baba yake, Charles Bardeen, alikuwa mwalimu wa anatomia na mkuu wa kwanza wa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mama yake, Althea, alikuwa mtu wa sanaa na mapambo ya nyumba. Wazazi waliona mapema kuwa mtoto wao alikuwa na kipaji cha hisabati, na shule ikamrusha madarasa kadhaa. Kwa hiyo alisoma na wanafunzi waliomzidi umri kwa miaka mingi.

Mwaka 1920, kabla hajatimiza miaka 12, mama yake alifariki kwa saratani. Msiba huo ulimrudisha nyuma kwa muda katika masomo, lakini hakuacha shule. Mwaka 1923, akiwa na miaka 15, aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin.

Chuoni alichagua uhandisi wa umeme, kwa kuwa alitaka kazi ambayo hisabati inatumika. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928 na shahada ya uzamili mwaka 1929. Kuanzia mwaka 1930 alifanya kazi Pittsburgh katika maabara ya kampuni ya mafuta ya Gulf, akitafuta mbinu za kugundua mafuta ardhini kwa kupima sumaku na mvutano wa dunia. Kazi ilikuwa na mshahara mzuri, tena wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Hata hivyo mwaka 1933 aliiacha, akaenda Chuo Kikuu cha Princeton kusomea fizikia ya nadharia. Msimamizi wake alikuwa Eugene Wigner, ambaye baadaye naye alipata Tuzo ya Nobel. Bardeen alipata shahada ya uzamivu mwaka 1936. Utafiti wake ulihusu jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya metali, hasa kwenye uso wake. Zingatia neno hilo uso, kwa maana litarudi.

Mwaka 1938 alimwoa Jane Maxwell, wakajaliwa watoto watatu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha kuanzia mwaka 1941 akafanya utafiti wa silaha za majini mjini Washington wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita ilipokwisha mwaka 1945, alijiunga na Maabara ya Bell.

3. Tatizo lililotafutiwa ufumbuzi

Maabara ya Bell ilimilikiwa na kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Wakati huo mtu akipiga simu, vituo vya kuunganishia simu vilitumia rilei kwa maelfu. Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Mkondo mdogo ukipita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na kipande hicho kinafunga saketi nyingine yenye mkondo mkubwa. Mkondo mdogo unapokatika, springi inakirudisha kipande mahali pake.

Rilei ina faida moja kubwa: umeme mdogo unatawala umeme mkubwa bila saketi hizo mbili kugusana. Lakini ina kasoro zake. Chuma kinasogea, hivyo ni cha polepole. Ncha zinazogusana huungua kwa cheche na kuchakaa. Vumbi huingia katikati na kuzuia umeme.

Njia nyingine ilikuwa valvu, yaani chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo ndani yake elektroni huruka kutoka kwenye waya uliopashwa moto. Valvu haina chuma kinachosogea, na inaweza kukuza umeme na pia kuwa swichi. Lakini waya wake lazima ukae moto muda wote, hata kama hakuna anayepiga simu. Valvu hula umeme mwingi, hutoa joto jingi, na huungua kama balbu.

Mervin Kelly, mkuu wa utafiti katika maabara hiyo, aliona kwamba simu zikiongezeka, rilei na valvu hazitatosha. Alitaka kitu kigumu, kidogo, kisichosogea na kisichohitaji kupashwa moto. Tumaini lilikuwa kwenye semikondakta, yaani vitu kama silikoni na jemaniamu, ambavyo hupitisha umeme kuliko vihami lakini chini ya metali. Kundi la utafiti liliundwa. Kiongozi wake mmojawapo alikuwa William Shockley, mwanafizikia mwenye akili kali na haraka ya kufikia jibu. Ndani yake alikuwemo Walter Brattain, fundi hodari wa majaribio. Bardeen aliingia kama mtu wa nadharia. Kwa kuwa nafasi za ofisi zilikuwa chache, aliwekwa chumba kimoja na Brattain, wakawa marafiki.

4. Jaribio lililoshindwa

Mwaka 1945 Shockley alikuwa amebuni swichi ya semikondakta. Wazo lake lilikuwa rahisi. Weka bamba la metali karibu na utando mwembamba wa silikoni, bila kugusana. Ukilipa bamba chaji, uga wa umeme utaingia ndani ya silikoni na kuvuta elektroni. Elektroni zikiongezeka, silikoni itapitisha mkondo zaidi. Ukiondoa chaji, mkondo utapungua. Kwa njia hiyo bamba litakuwa mkono wa swichi.

Hesabu zilionyesha kuwa wazo lingefanya kazi. Kifaa kilipotengenezwa, hakukuwa na badiliko lolote lililoweza kupimika. Shockley alimwomba Bardeen akague hesabu hizo. Bardeen aliona hazina kosa. Sasa palikuwa na njia mbili: kuendelea kutengeneza vifaa vingine kwa kubahatisha, au kuuliza kwa nini hesabu sahihi imeleta jibu lisilo sahihi. Bardeen alichagua njia ya pili.

Mwaka 1946 alitoa maelezo yake. Alisema kwamba elektroni kwenye uso wa semikondakta haziko huru kama zile za ndani, bali hunaswa pale juu. Bamba likiwekewa chaji, elektroni zilizonaswa usoni ndizo zinazojibu, nazo huwa kinga. Uga wa umeme hauingii ndani. Ni kama mkutano ambamo watu wamesongamana mlangoni: anayeita kutoka nje husikiwa na wale wa mlangoni tu, na waliokaa ndani hawapati habari.

Kwa maelezo hayo, kazi ya kundi ilibadilika. Waliacha kutengeneza vifaa kwa muda, wakaanza kuuchunguza uso wenyewe. Mtahiniwa aandike hatua hii anapoulizwa mchango wa Bardeen, kwa kuwa bila kuelewa uso, transista isingepatikana wakati ule.

5. Desemba 1947

Novemba 1947, Brattain aligundua kwamba akiweka kimiminika kinachopitisha umeme juu ya uso wa silikoni, uga wa umeme unaweza kuishinda kinga ile. Tangu siku hiyo kazi ilikwenda mbio. Bardeen alipendekeza mpangilio, Brattain akaujenga na kuupima, matokeo yakarudi kwa Bardeen, naye akapendekeza mwingine. Baada ya muda waliacha silikoni na kutumia jemaniamu, kisha wakaacha kimiminika na kutumia dhahabu.

Tarehe 16 Desemba 1947 walipata walichokitafuta. Brattain alichukua kipande cha plastiki chenye umbo la pembetatu, akakizungushia ukingoni utepe mwembamba wa dhahabu. Kwenye ncha ya pembetatu aliukata utepe kwa wembe, zikapatikana ncha mbili za dhahabu zilizokaribiana sana. Springi ilikandamiza ncha hizo juu ya kipande cha jemaniamu. Chini ya jemaniamu palikuwa na kiunganishi cha tatu.

Walipopitisha mkondo mdogo kwenye ncha ya kwanza, mkondo wa ncha ya pili ulibadilika, na umeme uliotoka ulikuwa mkubwa kuliko ulioingia. Hapakuwa na chuma kilichosogea wala waya uliopashwa moto. Jioni ile Bardeen, ambaye kwa kawaida hakuzungumzia kazi nyumbani, alimwambia mkewe kwa maneno machache tu kwamba siku hiyo wamegundua jambo la maana.

Tarehe 23 Desemba waliwaonyesha wakuu wa maabara kifaa kikikuza sauti ya mtu anayezungumza. Tarehe 30 Juni 1948 kilitangazwa hadharani mjini New York, kwa jina lililopendekezwa na mwenzao John Pierce: transista.

6. Mgogoro wa nani apewe sifa

Ugunduzi ulileta furaha, ukaleta na ugomvi. Shockley, aliyekuwa kiongozi, hakuwa ameshiriki moja kwa moja katika jaribio la Desemba. Alitaka hataza iandikwe kwa msingi wa wazo lake la uga wa umeme. Wanasheria wa kampuni walipochunguza, waligundua kwamba Julius Lilienfeld alikuwa amekwisha pata hataza ya wazo la aina hiyo miaka mingi nyuma. Kwa hiyo hataza ya transista ya kwanza ikaandikwa kwa majina mawili tu: Bardeen na Brattain.

Shockley aliumia. Alijifungia peke yake, na Januari 1948 akabuni transista bora zaidi, ile ya matabaka matatu ya semikondakta yaliyounganishwa. Huo ulikuwa mchango mkubwa, kwa sababu transista ya ncha za dhahabu ilikuwa dhaifu na ngumu kutengeneza kwa wingi, na ile ya matabaka ndiyo iliyoenea. Lakini baada ya hapo aliwaweka Bardeen na Brattain mbali na kazi ya transista mpya. Hata katika picha mashuhuri ya watu hao watatu, aliyeketi mbele ya kifaa ni Shockley, na waliokitengeneza wamesimama nyuma yake.

Bardeen hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba wanafunzi wake walimpa jina la utani la mnong'onaji. Alipoona hapewi nafasi ya kufanya utafiti aliotaka, mwaka 1951 aliondoka, akawa profesa wa uhandisi wa umeme na wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Illinois.

7. Transista inavyogawa umeme kwa vifaa kadhaa

Hapa tuache historia kidogo, tuangalie kifaa chenyewe. Transista ya matabaka ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Katika transista ya aina ya NPN, mkondo mdogo ukiingia kwenye besi, mkondo mkubwa hupita kutoka kolekta kwenda emita. Mkondo wa besi ukikatika, mkondo mkubwa nao hukatika. Linganisha na rilei: besi ni koili, kolekta na emita ni zile ncha zinazogusana.

*Kuwasha kifaa kimoja.* Tuseme betri ni ya volti 12, na kifaa kina ukinzani wa omu 120. Kifaa kikiwaka kinahitaji mkondo wa 12 ÷ 120 = ampea 0.1. Kama transista inakuza mkondo mara 100, besi inahitaji angalau 0.1 ÷ 100 = ampea 0.001, yaani miliampea 1. Kama amri inatoka kwenye saketi ya volti 5, na volti 0.7 zinapotea kati ya besi na emita, zinabaki volti 4.3. Kikinza cha besi kisizidi 4.3 ÷ 0.001 = omu 4,300. Kwa vitendo mafundi huweka kikinza kidogo zaidi, kwa mfano omu 1,000, ili besi ipate mkondo wa kutosha na transista ifunguke kabisa.

*Kwa nini ifunguke kabisa?* Kwa sababu ya joto. Transista ikifunguka kabisa hubakiwa na volti kama 0.2 tu, hivyo joto lake ni 0.2 × 0.1 = wati 0.02. Ikifungwa kabisa mkondo ni sifuri, na joto ni sifuri. Lakini ikifunguka nusu, ikabakiwa na volti 6, mkondo utakuwa 6 ÷ 120 = ampea 0.05, na joto litakuwa 6 × 0.05 = wati 0.3. Hiyo ni mara 15 ya ile ya kwanza. Transista nyingi za swichi huungua kwa kuachwa katikati, si kwa kuwashwa.

*Kuhamisha umeme kutoka kifaa A kwenda kifaa B.* Tumia transista mbili, emita zote zikiunganishwa kwenye hasi ya betri. Kifaa A kinaunganishwa kati ya chanya ya betri na kolekta ya transista ya kwanza. Kifaa B kinaunganishwa kati ya chanya na kolekta ya transista ya pili. Kisha kolekta ya kwanza inaunganishwa na besi ya pili kupitia kikinza.

Amri ikifika kwenye besi ya kwanza, transista ya kwanza inafunguka na A inawaka. Volteji ya kolekta yake inashuka karibu na sifuri, hivyo besi ya pili inakosa mkondo na B inazima. Amri ikiondolewa, transista ya kwanza inafungwa na A inazima. Mkondo mdogo sasa unapita kwenye A na kikinza hadi besi ya pili, nao hautoshi kuiwasha A. Transista ya pili inafunguka na B inawaka. Kwa amri moja, umeme umehama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine.

*Vifaa vingi.* Kila kifaa kinapewa transista yake, na vyote vinatumia betri moja. Saketi ya amri ndiyo inayoamua besi ipi ipate mkondo, na kwa zamu ipi. Vifaa vyenye mkondo mkubwa sana au vya umeme wa mains huwekewa rilei, na transista inaendesha koili ya rilei. Hapo usisahau daiodi sambamba na koili, ikielekezwa kinyume cha mkondo wa kawaida. Koili ikizimwa ghafla hutoa volteji kubwa ya kinyume, na bila daiodi volteji hiyo huua transista.

Tahadhari. Majaribio ya shule yafanyike kwa betri tu. Usiguse saketi ya umeme wa mains bila mwalimu au fundi mwenye ujuzi.

8. Tuzo mbili

Asubuhi moja ya Novemba 1956, Bardeen alikuwa jikoni akitayarisha kifungua kinywa aliposikia kwenye redio kwamba yeye, Brattain na Shockley wamepewa Tuzo ya Nobel. Watu waliokuwa hawaelewani walikwenda Stockholm pamoja. Bardeen alifika na mtoto mmoja tu, kwa kuwa wengine hakutaka kuwakatizia masomo. Mfalme wa Sweden alimtania kwa hilo, naye akaahidi kwamba safari nyingine atawaleta wote.

Wakati huo alikuwa tayari anafanya kazi nyingine. Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipoozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Vitu vya namna hiyo huitwa superkondakta. Kwa zaidi ya miaka 40 wanasayansi wakubwa walijaribu kueleza sababu, wakashindwa. Mwaka 1957 Bardeen, pamoja na Leon Cooper na mwanafunzi wake Robert Schrieffer, walitoa nadharia iliyofaulu. Walionyesha kwamba katika baridi kali elektroni hujipanga katika jozi na kwenda kwa pamoja, hivyo hazizuiwi na mitetemo midogo ya chembe za metali. Sumaku za superkondakta hutumika leo katika mashine za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili bila kupasua.

Kwa kazi hiyo watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1972. Safari hii Bardeen alikwenda Stockholm na watoto wake wote watatu.

9. Wazo lililoshindwa larudi

Wazo la kwanza la Shockley, la kutawala mkondo kwa uga wa umeme, halikufa. Mwaka 1959, katika Maabara hiyohiyo ya Bell, Mohamed Atalla, mhandisi aliyezaliwa Port Said nchini Misri, na mwenzake Dawon Kahng kutoka Korea, walifanikiwa pale ambapo jaribio la mwanzo lilikwama. Waliufunika uso wa silikoni kwa utando wa oksidi yake. Utando huo ulipunguza sana zile elektroni zinazonaswa usoni alizozieleza Bardeen mwaka 1946, na uga ukaweza kuingia ndani.

Transista hiyo huitwa mosfeti. Mguu wake wa amri, yaani geti, umehamiwa na oksidi, hivyo ikishawaka haihitaji mkondo wa kudumu, bali volteji tu. Ndiyo maana inafaa sana kuwasha vifaa vikubwa. Vidhibiti vingi vya sola vinavyogawa umeme wa paneli, betri na taa hutumia mosfeti, na ndani ya simu zimo kwa mabilioni.

Nazo simu zenyewe? Mwaka 1965 kampuni ya Bell ilifungua kituo cha kuunganishia simu kilichoongozwa na saketi za transista huko Succasunna, jimbo la New Jersey. Njia za sauti bado zilipita kwenye swichi ndogo za chuma, lakini ubongo wa kituo ulikuwa transista. Ilichukua miaka 18 tangu ncha zile za dhahabu.

10. Mwisho wa maisha

Bardeen alifundisha Illinois hadi alipostaafu mwaka 1975, na hata baada ya hapo aliendelea na utafiti. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza huko, Nick Holonyak, mwaka 1962 alitengeneza daiodi ya kwanza inayotoa mwanga mwekundu unaoonekana, mama wa taa za LED za leo. Bardeen alipenda kucheza gofu na kukaribisha watu nyumbani, na hakuwa na desturi ya kuzungumzia tuzo zake.

Alifariki tarehe 30 Januari 1991 mjini Boston, alikokwenda kwa matibabu ya saratani ya mapafu, akiwa na miaka 82. Brattain alikuwa amefariki mwaka 1987 na Shockley mwaka 1989.

11. Mambo ya kukumbuka

- 1908: azaliwa Madison, Wisconsin.
- 1936: apata shahada ya uzamivu, Princeton.
- 1945: ajiunga na Maabara ya Bell.
- 1946: aeleza elektroni zinazonaswa kwenye uso wa semikondakta.
- 16 Desemba 1947: transista ya kwanza yafanya kazi.
- 1951: ahamia Chuo Kikuu cha Illinois.
- 1956: Tuzo ya Nobel ya kwanza.
- 1957: nadharia ya superkondakta.
- 1972: Tuzo ya Nobel ya pili.
- 1991: afariki Boston.

Katika swali la insha, usiishie kuorodhesha miaka. Mtahini hutafuta sababu. Eleza kwamba Bardeen alipopewa jaribio lililoshindwa, aliyachukua matokeo hayo kama habari inayohitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo yaliyozaa transista ya mwaka 1947 na kusaidia mosfeti ya mwaka 1959.

12. Maswali ya marudio

1. Taja kasoro mbili za rilei na kasoro mbili za valvu zilizofanya Maabara ya Bell itafute swichi mpya.
2. Kwa nini bamba lenye chaji halikubadilisha mkondo ndani ya silikoni katika jaribio la Shockley?
3. Eleza kwa nini jina la Shockley halikuwemo katika hataza ya transista ya kwanza.
4. Koili ya rilei ina ukinzani wa omu 240 na inatumia betri ya volti 12. Transista inakuza mkondo mara 50, na amri ni ya volti 5. Kokotoa (a) mkondo wa koili, (b) mkondo mdogo kabisa wa besi, (c) ukinzani mkubwa kabisa wa kikinza cha besi.
5. Chora saketi ya transista mbili inayohamisha umeme kutoka taa moja kwenda nyingine kwa amri moja. Eleza kinachotokea amri ikiwepo na isipokuwepo.
6. Mosfeti ina faida gani kuliko transista ya besi inapotumika kama swichi?
7. Mtu ambaye jaribio lake limeshindwa amepoteza muda wake bure. Jadili kauli hii kwa kutumia maisha ya John Bardeen.

Majibu ya swali la 4: (a) ampea 0.05, (b) ampea 0.001, (c) omu 4,300.